SOMO LA WANACHAMA: Kabla ya kujenga tovuti ya kazi zako, chukua karatasi



Katika matawi yetu ya miwa na chai tunakuta siku hizi jambo ambalo wazee wa chama hawakulijua. Mama mchuma chai anakopa katika chama cha akiba na mikopo ili mwanawe asomee kazi ya kutengeneza tovuti. Kijana wa kiwandani naye akitoka zamu ya mchana huenda kujifunza kazi hiyo hiyo jioni. Masomo yakikaribia kwisha, kila ofisi anayoiendea humwuliza neno moja: kazi zako ziko wapi tuzione? Cheti peke yake hakijibu swali hilo. Deni la mzazi linaendelea kukatwa kila mwezi, na kijana amekaa nyumbani. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa somo la safari hii liwe juu ya namna mwanafunzi anavyopanga tovuti yake mwenyewe ya kuonyesha kazi.

Tovuti ya namna hii ni kama gauni ambalo fundi cherehani hulitundika mlangoni. Mpita njia haombi cheti. Hutazama mshono, hugeuza pindo, ndipo auliza bei. Mwenye kuajiri mtengeneza tovuti hufanya vivyo hivyo. Tovuti yako ndiyo kazi ya kwanza anayoipima, hata kabla hajasoma ulichoandika ndani yake.

Yafaa pia kufahamu kwamba kuandika kurasa hizi hakuna ada. Tim Berners-Lee, aliyependekeza mtandao huu wa kurasa mwaka 1989 akiwa CERN huko Geneva, hakuufanya duka lake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa utumiwe na watu wote bila malipo. HTML, ambayo hupanga maandishi, na CSS, ambayo hupanga sura na rangi, hazina mwenyewe wa kudai kodi. Basi mtu akikutoza “leseni ya kuandika tovuti”, fahamu kwamba anakula pesa yako.

Sasa tuingie katika kupanga. Kompyuta ibaki imezimwa. Chukua karatasi na kalamu, uandike sentensi moja tu: tovuti hii ni ya nani kuitazama, na akimaliza tunataka afanye nini? Anayetafuta ajira katika ofisi ya matangazo hatapanga sawa na anayetaka kuwatengenezea tovuti wenye maduka ya mjini. Wa kwanza atamwonyesha bwana wa ofisi jinsi anavyofikiri. Wa pili ataeleza kwa maneno mepesi mwenye duka atapata nini na kwa muda gani. Vijana wengi huruka hatua hii, wakaanza na rangi na picha zinazorukaruka. Sisi twaona hapo ndipo wiki nyingi hupotea.

Hatua ya pili ndiyo ngumu: ni kazi zipi zionyeshwe? Mwanafunzi husema, “Mimi sijawahi kuajiriwa, nitaonyesha nini?” Tuchukue mfano wa binti anayeishi katika laini za wafanyakazi. Atazame mahali alipo. Chama cha akiba na mikopo kina wanachama wanaotembea mwendo mrefu kuuliza ofisi hufunguliwa saa ngapi na fomu ya mkopo yataka nini. Anaweza kuchora na kujenga kurasa tatu za kujibu maswali hayo. Kantini ina orodha ya bei inayobadilika. Tawi la chama lina matangazo yanayonyeshewa mvua ubaoni. Hizo ni kazi tatu, na kazi tatu au nne zilizofikiriwa vizuri zatosha. Kazi kumi na mbili, nane kati yake zikiwa mazoezi ya darasani yanayofanana na ya kila mwanafunzi mwingine, humchosha mtazamaji kabla hajafika kwenye iliyo nzuri.

Chini ya kila kazi aandike kwa ufupi: shida ilikuwa nini, alizungumza na nani, alijaribu nini kikakataa, mwisho alifanya nini na kwa nini. Maelezo haya ndiyo humtofautisha na mtu aliyechukua kiolezo cha mtu mwingine akabadilisha jina. Kama tovuti ya kantini ilikuwa zoezi ambalo kantini haikuliagiza, aseme wazi kwamba ni zoezi. Hakuna aibu. Aibu ni pale bwana wa ofisi anapopiga simu kantini akaambiwa hawamjui. Na kama kazi ilifanywa na wanafunzi wanne, aseme yeye alifanya sehemu gani. Sisi watu wa chama tunajua uchungu wa mmoja kujitwalia kazi ya wenzake.

Hapa kuna mambo mawili ya sheria. Kwanza, habari za watu. Majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao yasionekane hata katika picha ya mfano. Atumie majina ya kubuni. Uganda na Kenya zote mbili zilipitisha sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Pili, kazi ni mali ya nani. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kazi iliyofanywa katika ajira, au iliyoagizwa, huwa ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yafuata njia hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi akienda mazoezini katika kampuni, aombe mapema, kwa maandishi, ruhusa ya kuonyesha kazi atakazofanya. Siku ya mwisho mlangoni huwa amechelewa.

Baada ya hayo achore kurasa zenyewe, kila moja kwenye karatasi yake: ukurasa wa mbele wenye jina lake na sentensi moja ya kazi anayofanya, ukurasa wa kazi, ukurasa mfupi wa habari zake, na mahali pa kumpata. Achore kwanza kwa upana wa simu ya mkononi, kwa maana watu wengi wa kwetu watamtazama kwa simu. Mwaka 2010 Ethan Marcotte wa Marekani alieleza namna ya kuandika ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kwa upana wa kioo, na leo kila mwalimu hufundisha hivyo. Herufi za kijivu juu ya kijivu aziache. Mwongozo wa W3C wa mwaka 2008 wataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake angalau kwa 4.5 kwa 1.

Na uzito! Picha moja ya simu yaweza kuwa na MB 4. Picha sita ni MB 24, na anayelipa bando ni mtazamaji. Zikipunguzwa hadi KB 150 kila moja, zote sita hazifiki MB 1, na kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti.

Mahali pa kuiweka tovuti pasiwe sababu ya deni jipya. GitHub, kwa mfano, huhifadhi kurasa za kawaida bila malipo. Jina la tovuti, kama lile linaloishia kwa .ug au .ke, hukodiwa kwa mwaka. Likikodiwa, liandikishwe kwa jina na barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe. Lisiandikishwe kwa jina la shule wala la mwenye kafe. Aliyeandikishwa ndiye mwenye ufunguo. Vilevile mafaili yote yawe na nakala nyumbani. GeoCities ilikuwa na kurasa za mamilioni ya watu. Yahoo iliifunga huko Marekani mwezi Oktoba 2009, na ambaye hakuweka nakala alipoteza.

Tumebakiza jambo linalotuhusu sana. Wapo wanaowaambia vijana, “Nitengenezee tovuti bure, utapata kitu cha kuonyesha.” Jaribio la saa moja la kupima ujuzi ni haki ya mwajiri. Tovuti nzima itakayotumika dukani kwake ni kazi, na kazi ina ujira. Kijana mwenye kazi zake tatu za mazoezi anaweza kujibu, “Za kuonyesha ninazo, hizi hapa. Hii yako ni kiasi gani?”

Kikundi cha masomo kitakapokutana, kila mwenye mwanafunzi nyumbani aje naye, na karatasi zake nne zilizochorwa. Tutajadili haya: Ni shida gani ya tawi letu inayoweza kuwa kazi yake ya kwanza? Nani atatoa ruhusa? Na kama tawi litaitumia tovuti hiyo, tutamlipa nini?