SOMO LA VIJANA: WALIOKATAA KUCHEZA

Kabla ya somo hili someni Wagalatia 2:11-14. Kule Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, lakini walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akajitenga kwa hofu. Paulo akamkemea mbele ya wote. Angalieni ya kuwa Petro hakuhubiri neno lolote baya. Aliondoka mezani tu.

Mwalimu akitaka vijana waelewe jambo hili, na aanze na kiwanja cha michezo, kwa maana hicho wanakijua. Awasimulie habari za Basil D'Oliveira. Alizaliwa Cape Town, na sheria za Afrika Kusini zilimhesabu kuwa chotara. Alikuwa hodari mno wa kriketi, lakini timu ya taifa lake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1960 akaenda Uingereza, akaanza na timu ya mji mdogo wa Middleton, na mwaka 1966 akaingia timu ya taifa ya Uingereza. Agosti 1968 alipata mikimbio 158 katika mechi na Australia. Siku chache baadaye wakuu wa chama cha MCC walitangaza majina ya wachezaji watakaokwenda Afrika Kusini. Jina lake halikuwamo.

Watu wengi walinung'unika. Kisha mchezaji mmoja akajitoa kwa sababu ya kuumia, na D'Oliveira akaitwa mahali pake. Ndipo Waziri Mkuu Vorster alipokataa kuipokea timu hiyo, na safari ikafutwa Septemba 1968.

Waalimu wengi huishia hapo, kana kwamba ustadi wa mtu mmoja ulitosha kuubomoa ukuta. Mimi naona si kweli. Yuko mtu wa pili, naye ni wa nyumbani mwetu Waanglikana: David Sheppard, aliyekuwa nahodha wa Uingereza katika mechi mbili mwaka 1954, akapewa daraja takatifu mwaka 1955. Mwaka 1960 alikataa kucheza na timu ya Afrika Kusini. Desemba 1968 alisimama mbele ya wanachama wa MCC kuwalaumu wakuu wao kwa jinsi walivyoliendesha jambo la D'Oliveira. Akashindwa kwa kura, na urafiki wake na baadhi ya wenzake wa zamani ukaharibika. Hata hivyo hakunyamaza. Mei 1970 ziara ya Afrika Kusini nchini Uingereza ilifutwa, na nchi hiyo haikucheza tena mechi kubwa za kriketi za majaribio mpaka mwaka 1992. Sheppard alikuwa Askofu wa Liverpool tangu 1975.

Hapo mwalimu awaulize vijana: Petro alijitenga, na Sheppard alijitenga. Kila mmoja alikuwa akimwogopa nani, na nani aliachwa nje? Wapewe nafasi ya kubishana.

Wakisema hayo ni mambo ya Wazungu, wakumbusheni Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuomba ulimwengu usicheze na timu za ubaguzi. Tena wakumbusheni Filbert Bayi. Mwaka 1974, kule Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500, na John Walker wa New Zealand akawa wa pili. Mwaka 1976 nchi zaidi ya 20 za Afrika ziliacha kwenda Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini. Tanzania haikwenda. Walker akatwaa dhahabu bila Bayi kuwapo.

Sheppard alijiamulia mwenyewe. Bayi aliamuliwa na taifa lake. Vijana watauliza kama ilikuwa haki. Mwalimu asiwajibu upesi. Swali hilo lipewe kipindi kizima Jumapili inayofuata, na wazee wanaozikumbuka mbio za 1974 waalikwe.