Sakafu ya Mbao Jikoni: Jinsi ya Kuitengeneza Kabla ya Kutandaza Vigae

Siku hizi watu wengi katika Mpanda, Mlele na hata vijiji vya mbali vya Mkoa wa Katavi wapenda kutia vigae jikoni. Wengine huviita marumaru, ingawa marumaru hasa ni jiwe lichimbwalo ardhini, na kigae ni udongo uliochomwa. Jambo hili ni jema, maana sakafu ya vigae huoshwa kwa maji ikatakata, wala haina mianya ya kuficha mende na mabaki ya chakula. Lakini vigae vyatoka mbali, na bei yake si ndogo. Kwa hiyo yampasa mwenye nyumba aulize kwanza vitalala juu ya nini.

Majiko mengi ya kwetu yana sakafu ya udongo au ya saruji, na kazi yake yajulikana na kila mwashi: ardhi hushindiliwa, hutiwa mawe na kokoto, kisha zege, nalo huachwa likomae majuma manne kabla ya kigae cha kwanza. Leo twataka kueleza sakafu ya mbao, ile iliyoinuliwa juu ya nguzo au iliyo katika chumba cha juu. Nchi yetu ni nchi ya misitu, na aliyerithi sakafu ya mninga huona vibaya kuing'oa. Si lazima aing'oe. Lakini akitandaza vigae juu yake hivi hivi, mvua za kwanza zitamwonyesha nyufa.

Sababu yake ni hii. Kigae hakipindi wala hakivimbi. Ubao hufanya yote mawili. Hupinda mtu akipita juu yake, na huvimba wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa Novemba, kisha husinyaa kiangazi. Tena ubao hauvimbi kwa urefu wake ila kidogo mno; huvimba kwa upana. Ubao mbichi wenye upana wa sentimita 20 waweza kupungua karibu sentimita moja ukikauka kabisa, kwa miti mingi. Mninga husifiwa na maseremala kwa sababu husinyaa kidogo kuliko miti mingine, na moyo wake haupendwi na mchwa. Lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa na wadudu kama mti wowote. Mwenye kununua na aitazame. Na mbao zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, ili mtu asinyang'anywe mali njiani.

Basi kazi huanza chini, si juu. Ingia chini ya sakafu na taa, uzitazame boriti. Piga kila boriti kwa mpini wa nyundo na usikilize. Iliyoliwa ndani hutoa sauti ya utupu. Kisha ichome kwa ncha ya kisu hasa pale inapokaa juu ya nguzo au ukuta, maana hapo ndipo unyevu hukaa. Ukiona vichochoro vya udongo vikipanda juu ya nguzo, vibomoe kidogo, urudi baada ya siku chache. Vikiwa vimezibwa tena, mchwa wangali hai, na hakuna faida kuendelea mpaka waondolewe na boriti zilizoliwa zibadilishwe. Kwa nchi yenye vichuguu kama yetu, twaona inafaa kila nguzo ivikwe kofia ya bati iliyotokeza nje sentimita 5 na kukunjwa chini. Watu wengi hudhani kofia hiyo huwazuia mchwa kabisa. Sivyo, huwalazimisha kujenga njia yao kwa nje, mahali inapoonekana, nawe ukaivunja kwa wakati. Pia acha matundu ya hewa katika kuta za chini, yenye wavu wa kuzuia panya, maana mbao zilizofunikwa juu kwa vigae hukauka kwa upande wa chini tu.

Jambo la pili ni nguvu za boriti. Kanuni ya waashi wa vigae ni kwamba boriti isilegee chini kupita sehemu moja katika sehemu 360 za urefu wake kati ya egemeo na egemeo. Boriti yenye mita 3 na sentimita 60, basi, isishuke zaidi ya sentimita moja. Asiye na chombo cha kupimia na aweke bakuli la maji katikati ya jiko, limejaa karibu ya ukingo, amwambie mtu mzito atembee kando yake. Maji yakitikisika sana, sakafu bado ni dhaifu. Dawa yake ni kuongeza nguzo na mhimili katikati, ili urefu wa boriti ugawanyike. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, sakafu za juu za mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Wajenzi wale hawakutaka boriti ndefu ibebe mzigo mzito, nasi twawasifu.

Maana mzigo ni mzito kweli. Tabaka la saruji na mchanga lenye unene wa sentimita 4 lina uzito wa kilo kama 80 kwa kila mita moja ya mraba, na vigae huongeza kama 20. Jiko la mita 3 kwa mita 3 litapata kilo 900 kabla ya kuingia kabati, mtungi wa maji na watu.

Jambo la tatu ni ukavu. Kama umebadilisha mbao, usizifunike zingali mbichi. Kata kipande kimoja, ukipime kwa mizani ya dukani kila juma. Uzito usipopungua tena kwa majuma mawili, mbao zimekauka. Kiangazi ndicho wakati wa kazi hii.

Sasa zikaze mbao za zamani kwa parafujo, si kwa misumari, kwa kuwa msumari hulegea na kulia. Palipoinuka pige randa. Kutoka hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kutandika plaiwudi isiyoharibiwa na maji, na kubandika vigae juu yake kwa gundi ya saruji inayokubali kunyumbuka kidogo, ile iliyoandikwa kuwa yafaa kwa mbao. Plaiwudi ijaribiwe: chemsha kipande katika sufuria, na matabaka yakiachana, irudishe dukani. Kati ya karatasi na karatasi acha milimita 3, na penye ukuta milimita 6.

Njia ya pili ni ya zamani, nasi twaipenda zaidi kwa Mpanda, kwa kuwa vifaa vyake si vya shida, mradi boriti ziwe imara. Tandika karatasi ya lami juu ya mbao, pigilia wavu wa waya juu yake, kisha mwaga saruji na mchanga sentimita 4 na kusawazisha kwa pima maji. Karatasi ndiyo siri ya kazi. Bila hiyo ubao hunywa maji ya saruji: ubao huvimba, na saruji hukauka kabla ya kupata nguvu. Funika kwa magunia yenye unyevu siku tatu, ungoje majuma mawili ndipo ubandike. Kumbuka kwamba sakafu itapanda sentimita 5 au zaidi. Mlango wa jiko ukatwe kabla, usije ukakwama baadaye.

Nafasi ya ukutani isijazwe saruji. Ijazwe kitu laini kinachonyumbuka, ili mbao zikivimba zipate mahali pa kwenda. Na jiko la mkaa lisikae juu ya vigae hivi moja kwa moja, kwa kuwa joto hupenya hadi kwenye mbao. Liwekwe juu ya matofali mawili, hewa ipite chini yake.