Kwale wa mashamba ya Ruziba

SWALI: Nina shamba la mihogo hapa Ruziba. Alfajiri nawaona ndege wa kahawia, koo jekundu, wakikimbia tu bila kuruka. Ni ndege gani? Nikiokota mayai yao, kuku wangu atayaatamia?

JIBU: Ndugu yangu, hao ni kwale shingo-nyekundu, Pternistis afer kwa jina la kisayansi. Wekundu wa kooni na kuzunguka macho ni ngozi tupu isiyo na manyoya. Mdomo na miguu ni myekundu pia, na dume ana kipi mguuni kama jogoo. Wanapenda mahali shamba linapopakana na kichaka: hula shambani, hujificha kichakani. Wakifukuzwa na mbwa huruka hadi mtini, na usiku hulala juu ya matawi.

Kiota ni shimo dogo ardhini, lililofichwa majanini. Jike peke yake huatamia, yapata siku 23, na rangi yake humficha asionekane hata kwa karibu.

Kuku anaweza kuyaatamia. Taabu huanza yakishaanguliwa: vifaranga hukimbia saa chache tu baada ya kutoka yaini, na huhitaji wadudu wengi kuliko nafaka. Mimi nakuomba uyaache. Ukitaka ndege wa kufuga, tafuta kanga, aliyezoea binadamu tangu kale. Kwale mwachie ukanda wa nyasi pembeni mwa mihogo, usiuchome. Atakula mchwa na panzi wako.