Faida Iko kwa Mpangaji Anayekaa: Mafunzo Niliyopata Katika Nyumba za Kupanga

Nilianza na udalali pande za Tabata na Segerea, kisha nikawa msimamizi wa nyumba za watu wanaoishi mbali, wengine Mwanza, wengine Uarabuni. Mwekezaji mpya akinijia, kwa kawaida huwa ameshapiga hesabu: idadi ya vyumba mara bei ya chumba mara miezi kumi na miwili. Hiyo si faida. Faida ya nyumba ya kupanga hutoka kwa mpangaji anayekaa, na karibu yote niliyojifunza yanarudi hapo.

1. Kagua ardhi kabla ya kukagua nyumba

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa mabondeni, na serikali ikawapeleka Mabwepande. Kwa hiyo ukipenda nyumba, rudi kuiona wakati wa masika. Tazama kama kuta za majirani zina alama ya tope, na uliza mama lishe wa pale maji hufika wapi. Yeye hana cha kukuuzia zaidi ya chakula.

Halafu karatasi. Hati miliki, leseni ya makazi na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ni vitu vitatu tofauti, ingawa wauzaji wengi huviita vyote "hati". Karatasi ya mtaa inaonyesha kwamba mashahidi waliwaona mkiuziana. Haithibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali. Kama kuna hati miliki, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ujue jina lililosajiliwa na kama kuna benki inayoishikilia. Muuzaji akiwa na mke au mume, huyo naye atie sahihi. Nimeona biashara nzuri zikikwama mahakamani kwa sababu ya sahihi hiyo moja.

2. Chumba kilicho wazi hakina bei

Chumba na sebule unakipangisha 200,000 kwa mwezi. Mpangaji anahama, unataka 220,000. Kikikaa wazi miezi miwili ukisubiri bei hiyo, umepoteza 400,000, na ile nyongeza ya 20,000 itahitaji miezi ishirini kuirudisha. Wengi wa wapangaji hawafiki miezi ishirini. Bei ipande, sikatai, lakini ipande kwa mpangaji aliyemo, kwa taarifa ya mapema, na baada ya kumrekebishia bomba analolilalamikia tangu mwaka jana.

3. Kodi ya miezi sita si ya wiki hii

Dar es Salaam tumezoea kudai miezi sita au mwaka mzima. Mwenye nyumba hupokea fungu kubwa, linaingia kwenye ada za shule au harusi, na mwezi wa nne tanki likipasuka hana hata ya fundi. Mimi huwashauri watenge sehemu ya kila malipo kwa ajili ya matengenezo, kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa jambo lingine. Tena naamini miezi mitatu inatosha. Mwalimu au nesi analipwa kila mwezi; ukimdai miezi sita kwa mpigo unamlazimisha akope ili aingie kwako, na mtu aliyeingia kwa mkopo ana uwezekano mkubwa wa kuchelewa malipo yajayo.

4. Watu hawahami kwa sababu ya rangi. Wanahama kwa umeme, maji na choo

Hapa ndipo ningetaka mwekezaji akae muda mrefu zaidi. Nimeona watu wakitumia pesa nyingi kwenye gypsum na taa za dari, huku wapangaji wote wakitumia mita moja ya LUKU. Mwenye taa mbili na feni anachangia sawa na mwenye friji na pasi. Mwezi wa kwanza wanavumiliana. Mwezi wa tatu kuna anayekataa kuchangia, umeme unakatika saa mbili usiku, na ugomvi unahamia kwenye simu yako. Kila chumba kiwe na mita yake, au angalau mita ndogo ya kusoma matumizi. Gharama yake ni ya mara moja. Wapangaji wanaohama kwa ugomvi ni gharama isiyoisha.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ule ndiye anayekatwa, ingawa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kiasi ni kidogo, lakini mpangaji anayaona makato kila mwezi na anajua si deni lake. Andika kwenye mkataba kwamba utamrudishia au utampunguzia kwenye pango. Nimeona jambo hili dogo likijenga heshima kubwa.

Maji: kama ni ya kisima, onja. Maji ya chumvi yanakula mabomba na yanamfanya mpangaji anunue madumu kila siku, gharama ambayo anaihesabu kama sehemu ya kodi yako. Simtanki la akiba lina thamani kuliko geti la urembo.

Na choo. Watu wanajenga hadi ukuta unagusa mpaka wa jirani, shimo likiwa nyuma kabisa ya nyumba. Siku likijaa, gari la kunyonya halina pa kupita na mpira wake haufiki. Kabla hujamwaga msingi, amua gari litasimama wapi.

5. Dalali anafaidika mtu akihama, mwenye nyumba anafaidika mtu akikaa

Hili nalisema kwa vijana wa udalali kwa sababu nawapenda na kazi yao naijua. Kwa kawaida mpangaji anakulipa kodi ya mwezi mmoja. Kwa mpango huo, anayehama baada ya miezi sita anakuletea malipo mengine, na ndiyo maana wapo wanaoficha kwamba chumba kinavuja, au wanaoweka cha juu kwenye bei bila mwenye nyumba kujua. Mjini watu wanaulizana. Dalali aliyesema ukweli kuhusu chumba kimoja hupigiwa simu na ndugu na wafanyakazi wenzake yule mpangaji.

Usionyeshe nyumba ambayo hujazungumza na mwenyewe. Usipokee kodi mkononi mwako; mpangaji alipe kwenye akaunti yenye jina la mwenye nyumba, mbele ya mkataba. Matapeli wamekuwa wakipangisha chumba kimoja kwa watu watatu, na njia hiyo moja inawafungia mlango.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Mpeni dalali kitu kidogo kila mpangaji aliyemleta anapohuisha mkataba. Nilipoanza kulishauri hilo, nilianza kuletewa watu waliochaguliwa kwa makini.

6. Mkataba uandikwe, na mlango using'olewe

Siku ya kukabidhiana funguo pigeni picha pamoja: kuta, sinki, vitasa, vioo. Andikeni nani anatengeneza nini, notisi ni ya muda gani, na watu wangapi wataishi mle.

Mpangaji akishindwa kulipa, wapo wanaong'oa mlango au kuezua bati. Nawasihi msifanye hivyo. Mle ndani kuna watoto wanaolala, na mbele ya sheria mwenye haki ya kudai anageuka kuwa mkosaji. Anzeni kwa barua, kisha serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua. Mara nyingi jambo huisha kwa mjumbe, wakikubaliana deni lilipwe kidogo kidogo au mtu ahame kwa amani.

7. Mpangaji akiwa kampuni

Kampuni au taasisi ikipanga kwako hukata kodi ya zuio ya 10% na kuipeleka TRA kabla ya kukulipa. Jadili bei ukijua hivyo, na kila malipo yaambatane na cheti cha makato. Vyeti hivyo vihifadhi kwenye faili moja na mikataba, kwa sababu siku ya kufanya hesabu zako na TRA ndivyo vitakavyoonyesha kwamba kodi hiyo imeshalipwa.