Bibi harusi wa Chome aanzie wapi Ujerumani?

SWALI: Binti yetu ameolewa na Mjerumani, anaondoka kijijini kwetu Chome kumfuata. Ajiandae vipi?

JIBU: Aanze na lugha. Kwa kawaida mwenzi anayeomba viza hutakiwa cheti cha Kijerumani ngazi ya A1. Goethe-Institut, Dar es Salaam, hufundisha na kutahini. Akifika, kuna kozi ya wahamiaji: saa 600 za lugha, 100 za sheria, historia na utamaduni. Asiikwepe, hata mume akiwa anaongea Kiswahili. Huko ndiko atakakopata marafiki wake mwenyewe.

Baridi ya mlima wenu wa Shengena imeshamzoesha sweta. Giza ndilo huwalemea wengi: katikati ya Desemba, jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni.

Uraia asiukimbilie, maana Tanzania kwa jumla hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Na leseni yake ya udereva itamfaa miezi sita tu.