Usafi wa Vyombo vya Pombe

Makala hii haikuandikwa ili kuisifu pombe, wala haikuandikwa ili kuikataza. Watu wengi katika nchi zetu hutengeneza pombe nyumbani. Wachaga hutengeneza mbege kwa ndizi na ulezi. Wateso wana pombe ya ulezi inywewayo chunguni kwa mirija mirefu. Watu wa pwani hugema tembo la mnazi. Na wengine hupika pombe ya mtama au ya mahindi. Mtu anayetengeneza kinywaji ambacho jirani zake watakinywa ana wajibu wa kuhakikisha ya kuwa hakitawadhuru. Tena mama aliyetumia nafaka yake, kuni zake na kazi ya siku nyingi, kisha pombe ikamharibikia, amepoteza mali ambayo pengine ilikuwa ada ya shule ya mwanawe. Kwa hiyo yafaa tujifunze vizuri habari za kuosha vyombo, maana pombe nyingi ziharibikazo huharibikia chomboni, wala si jikoni.

1. Vijidudu vilivyomo katika pombe

Pombe ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wa kwanza ni hamira, ambao hula sukari ya ndizi au ya kimea wakaigeuza kuwa kileo na hewa; ndiyo sababu pombe hutoa povu. Wa pili ni wale waletao uchachu kama wa maziwa ya mgando, na hawa katika pombe zetu nyingi ni wageni waliozoeleka. Wa tatu hupenda hewa, nao hugeuza kileo kuwa siki. Wa nne ni ukungu, uotao penye unyevu. Wa tano ndio wabaya kuliko wote, nao ni wale wa maradhi, kama vile kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, ambao hutoka katika maji machafu na katika mikono isiyonawiwa.

Mwaka 1876 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alitoa kitabu juu ya pombe ya shayiri, akaonyesha ya kuwa pombe ikiharibika haikurogwa wala haikuharibika yenyewe, ila imeingiliwa na vijidudu visivyotakiwa. Tangu hapo watengenezaji wakubwa wa Ulaya walianza kuangalia vyombo vyao kwa macho mengine.

2. Neno la wazee juu ya mtungi usiooshwa

Katika vijiji vingi husemwa ya kuwa mtungi wa pombe usioshwe sana, kwa maana ukioshwa, pombe ijayo haitaumuka. Neno hili halikutoka bure. Wazee waliona kwa macho yao ya kuwa mtungi wenye mabaki ya pombe njema huiumusha pombe mpya upesi. Sababu yake ni kwamba hamira hujificha katika machicha yaliyoganda chini na katika vitundu vya udongo.

Lakini katika vitundu vivyo hivyo hukaa pia vijidudu vya siki, na ukungu, na pengine vya maradhi. Mwenye kuacha mtungi bila kuuosha hawezi kuchagua nani abaki na nani aondoke. Leo hupata pombe njema, mara ya tatu hupata siki, naye asijue kwa nini.

Basi, kutunza chachu ni jambo jema, na kutunza uchafu ni jambo jingine. Shika yote mawili mbalimbali: tunza chachu katika chombo chake, na mtungi uuoshe. Pombe ikiwa njema, yenye harufu nzuri, chota machicha yake kidogo siku ile ile, uyatie katika kibuyu kidogo kilichokwisha kumwagiwa maji ya moto, ukifunike, ukiweke mahali pa baridi, uyatumie katika upishi ujao ulio karibu. Usiyatie katika pombe ingali moto, kwa maana joto litaiua hamira. Ngoja mpaka iwe vuguvugu. Na machicha ya pombe iliyokuwa na harufu ya siki au yenye utando wa ukungu usiyatunze kabisa.

Hata viwanda vikubwa vilijifunza hivyo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, alitenga hamira moja njema na kuizalisha peke yake, ili isichanganyike na hamira za mwituni zilizokuwa zikiharibu pombe. Kanuni yake ni hiyo hiyo ya kibuyu kidogo: chagua chachu yako, na vyombo vyako viwe safi.

3. Kuosha si kuua

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna kazi mbili, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni kuosha, yaani kuondoa machicha, mafuta na utelezi. Ya pili ni kuua vijidudu, kwa maji yanayochemka au kwa dawa. Mwenye kufanya ya pili bila ya kwanza amepoteza kuni zake, kwa sababu utelezi ulioganda huwakinga vijidudu kama blanketi, wala joto na dawa haviwafikii. Na mwenye kufanya ya kwanza bila ya pili ameacha chombo chenye kupendeza macho tu.

Utaratibu wake ni huu:

(a) Osha chombo mara tu pombe inapokwisha. Machicha mabichi hutoka kwa maji. Machicha yaliyokauka hutaka kukwaruzwa.
(b) Suuza kwanza kwa maji ya baridi, kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni. Majivu pia hukata mafuta. Tumia dodoki au makumbi yaliyotengwa kwa kazi hii tu, wala si kitambaa cha kufutia sakafu.
(c) Suuza mpaka pasiwe na sabuni wala majivu.
(d) Ua vijidudu, kama itakavyoelezwa hapa chini.
(e) Pindua chombo juu ya uchanja, kikauke juani. Usikiweke chini kwenye mavumbi, wala usikifunike kingali kibichi. Maji kidogo yaliyobaki ndani hutosha kuwazalisha vijidudu usiku mmoja.

Angalia tena jambo hili: pombe ikiwa bado motoni, moto wenyewe huilinda. Hatari huanza inapopoa. Tangu hapo, kila kitu kitakachoigusa chapasa kuwa kimeuliwa vijidudu: pipa, mwiko, kata, chujio, kifuniko, na mikono ya mpishi. Watu wengi huosha pipa vizuri sana, kisha huchovya ndani yake kata iliyokuwa imelala chini. Na maji ya kuongezea katika pombe yawe yamechemshwa.

4. Kila chombo na njia yake

Mtungi na chungu. Usimwage maji yanayochemka ndani ya chungu cha baridi, kisije kikapasuka. Tia maji, ukiweke motoni polepole, uyachemshe humo humo. Chungu chenye ufa kisitumike tena kwa pombe, kwa sababu ufa haufikiwi na dodoki.

Pipa la mti. Mti hunywa pombe, na pombe huingia ndani kuliko mtu anavyodhani. Lisugue, ulijaze maji yanayochemka mpaka juu, ulifunike, uyaache mpaka yapoe, kisha uyamwage. Dawa ya klorini haifai kwa mti, maana huingia ndani, na pombe ijayo huwa na harufu yake.

Kibuyu na kata. Tia changarawe safi na maji ya moto, utikise kwa nguvu, umwage, urudie mpaka maji yatoke meupe. Kisha mwaga humo maji yanayochemka. Wamasai husafisha vibuyu vyao vya maziwa kwa vijinga vya moto, na moshi wake hukausha ndani ya kibuyu. Kibuyu kilichoota ukungu ndani kitupwe.

Mirija. Chombo hiki ni kigumu kuliko vyote, kwa maana macho hayafiki ndani. Sukuma maji ndani yake mara tu baada ya kunywa, kisha uuchemshe mzima pamoja na kichujio chake. Yafaa kila mtu awe na mrija wake.

Chujio la nguo au la ukindu. Lichemshwe kila mara, likauke kabisa. Chujio bichi lililokunjwa na kuwekwa pembeni ni shamba la vijidudu.

Ndoo na pipa la plastiki. Usizisugue kwa mchanga wala kwa waya, kwa maana mikwaruzo huwa maficho. Tumia kitambaa laini na sabuni. Nyingi hazistahimili maji yanayochemka, basi tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, tia kijiko kimoja cha chai katika kila lita ya maji safi, ulowanishe chombo chote kwa dakika 10, kisha usuuze kwa maji yaliyochemshwa. Usichanganye kamwe dawa hii na siki, ndimu, au dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana hutoa hewa ya sumu.

5. Moto hauondoi kila sumu

Wako wasemao, "Pombe yetu hupikwa, basi uchafu wote huungua." Maneno hayo ni nusu ya kweli. Moto huua vijidudu, lakini baadhi yao huacha sumu isiyoharibiwa na moto.

Mwezi wa Januari mwaka 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji baada ya mazishi. Zaidi ya watu 200 waliugua, na 75 walikufa. Hapo kwanza wengi walisema ya kuwa pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi uliofuata ulionyesha sumu iliyotengenezwa na kijidudu kilichokuwa katika unga wa mahindi uliopikiwa pombe ile; na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha. Watu wengi waliokwenda kuzika walizikwa wao.

Basi, unga au kimea kilicholoa, kilichobadilika rangi au chenye harufu ya uvundo, usidhani ya kuwa moto utakitengeneza. Kitupe mahali ambapo hata mifugo haitakila. Vivyo hivyo na gunia, ungo na jiwe la kusagia: viwe vikavu na safi, kwa kuwa navyo ni vyombo vya pombe. Mdharau mwiba mguu huota tende.

6. Vyombo visivyofaa kabisa

Kuna vyombo ambavyo hata vikioshwa mara mia havifai. Kwanza, pipa lililokuwa na dawa ya wadudu, dawa ya pamba, au mafuta ya mitambo: plastiki na kutu huishika sumu. Pili, ndoo na madebe ya bati lililopakwa zinki: uchachu wa pombe huiyeyusha zinki, na wanywaji hukatwa na tumbo na kutapika. Tatu, mapipa ya chuma kitupu: pombe chachu huyeyusha chuma pia. Tangu mwaka 1929 madaktari wa Afrika ya Kusini wameandika habari za watu ambao maini yao yalijaa chuma, na baadaye ikajulikana ya kuwa pombe iliyotengenezwa katika vyombo vya chuma ilikuwa sababu mojawapo.

7. Jaribio kwa walimu

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili pasipo pombe. Chukua chupa mbili za kioo zilizokuwa na uji uliochacha. Moja isuuze kwa maji ya baridi tu. Ya pili ioshe kwa sabuni, kisha uichemshe majini. Pika uji mwepesi, ngoja upoe ukiwa umefunikwa, utie katika chupa zote mbili, ufunike kwa vitambaa vilivyochemshwa. Watoto waangalie na kunusa asubuhi na jioni kwa siku mbili, lakini wasionje. Waandike chupa ipi ilianza kutoa povu na harufu.

Maswali

1. Kwa nini mtungi usiooshwa huumusha pombe upesi, na kwa nini haufai?
2. Kuosha na kuua vijidudu vyatofautianaje, na kipi hutangulia?
3. Taja vitu vyote viigusavyo pombe baada ya kupoa.
4. Kwa nini unga ulioharibika hautengenezwi kwa moto?

Wazee wa vijiji na walimu, someni mambo haya mbele ya watu, hasa mbele ya akina mama wenye kupika, maana kazi hii wao ndio waijuao. Waulizeni pia desturi zao za kutunza chachu; na penye desturi njema, isishushwe, bali iongezewe maji ya moto.