Maji Hayabaki Mlimani



Likizo hii tulipanda Vugiri, milima ya Usambara juu ya Korogwe, tukazunguka kwa miguu: mashamba ya chai, msitu, vijito vya baridi. Pazuri mno! Mama alipiga simu mara mbili, sikupokea. Nikajiambia, acha kwanza nisali.

Halafu nikakitazama kile kijito. Kinashuka hadi Mto Pangani. Na maji ya bomba ya kwetu Handeni husukumwa kwa mitambo kutoka mto huohuo. Kiangazi mama anaamka alfajiri kupanga foleni ya ndoo. Kijito kingegoma kushuka, mama angechota nini?

Soma Luka 9:28-43. Petro alitaka kujenga vibanda mlimani. Kesho yake Yesu alishuka, akakutana na baba mwenye mtoto mgonjwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba wema, kwa asili yake, hujieneza. Basi sala isiyoshuka ina kasoro.

Nilimpigia mama palepale. Alitaka tu kujua kama nimekula.

Jiulize: ukitoka Misa Jumapili hii, nani anakusubiri huku chini?

Tuombeane.